Burigi-Chato: Usiyoyajua kuhusu hifadhi iliyopitiwa na misafara, wakimbizi na ng'ombe

KWA abiria wengi wa mabasi ya Bukoba na madereva wa malori ya Kigali, Lusahunga ni njia panda tu. Mkono wa kulia barabara huelekea Biharamulo mjini na Muleba. Mkono wa kushoto huelekea Ngara na mpaka wa Rusumo. Wachache hukumbuka kwamba kaskazini mwa njia panda hiyo kuna moja ya hifadhi kubwa za taifa nchini, yenye ziwa lake, safu za vilima na makundi ya wanyama ambao mkazi wa Dar es Salaam au Mwanza huwaona kwenye televisheni.

Katika miaka ya 2000 abiria hao walilifahamu pori hilo kwa sababu nyingine. Mabasi yalikusanywa na kupita kwa msafara, askari polisi wenye silaha wakiwa ndani, hasa katika eneo la Kasindaga, kwenye barabara ya Biharamulo kwenda Muleba. Majambazi waliteka magari, kupora na wakati mwingine kuua. Mtoto aliyekulia Biharamulo wakati huo alilijua neno "eskoti" kabla ya kulijua neno "utalii".

Mwaka 2019 pori hilo likawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Hifadhi changa, jina lenye mkanganyiko

Burigi-Chato ilizinduliwa rasmi Julai 9, 2019, wilayani Chato, na Rais wa Awamu ya Tano, Dk. John Magufuli, aliyefariki dunia Machi 2021. Iliundwa kwa kuunganisha mapori ya akiba matatu yaliyokuwa yakisimamiwa kwa pamoja kwa muda mrefu, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707, hivyo inaizidi kwa mbali Mikumi yenye kilomita za mraba 3,230, ambayo wakazi wa Dar es Salaam huifahamu zaidi kwa kuwa barabara kuu inapita katikati yake.

Katika hatua hiyohiyo, mapori mengine mawili ya Kagera yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mwaka huohuo Nyerere, Kigosi na Mto Ugalla nazo zikatangazwa, na idadi ya hifadhi za taifa ikapanda kutoka 16 hadi 22.

Jina la hifadhi huwachanganya wasafiri. Burigi ni ziwa lililomo ndani yake. Chato ni wilaya ya Mkoa wa Geita, na wapo wanaodhani kwamba hifadhi yote iko huko. Ukweli ni kwamba ardhi yake imegawanyika katika wilaya za Biharamulo, Ngara, Karagwe na Muleba za Mkoa wa Kagera, pamoja na Chato yenyewe. Hata mgawanyo huo ni wa karibuni: Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi ilipofanywa wilaya katika miaka ya 2000, na ikahamia Geita mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012.

Tofauti kati ya pori la akiba na hifadhi ya taifa si ya jina peke yake. Katika pori la akiba, mwenye leseni anaweza kuwinda; kampuni za uwindaji wa kitalii hukodishiwa vitalu na serikali hupata ada. Katika hifadhi ya taifa uwindaji ni marufuku, na vivyo hivyo kuishi, kulima, kulisha mifugo na kukata kuni. Mgeni huenda kutazama, kupiga picha na kufanya utafiti. Usimamizi nao hubadilika, kwani badala ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), eneo huwa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Vilima, mafunjo na wanyama wa miombo

Anayetarajia mbuga tambarare kama Serengeti atashangaa. Ardhi hapa ni ya mikunjo. Safu za vilima vya mawe magumu zimejipanga kuelekea kaskazini, na kati ya safu na safu kuna mabonde marefu yenye nyasi, vijito na vinamasi vya mafunjo. Wanajiolojia huuita mfumo wa miamba hiyo kwa jina la Karagwe na Ankole, kwa kuwa unaendelea hadi kusini mwa Uganda. Ziwa Burigi limelala ndani ya moja ya mabonde hayo, jembamba na refu, na ukiwa juu ya kilima unaweza kuliona likipinda na kupotea nyuma ya kilima kingine. Upande wa mashariki hifadhi hulikaribia Ziwa Victoria, na upande wa magharibi, katika eneo la Kimisi, hufika kwenye Mto Kagera, ambao ng'ambo yake ni Rwanda.

Kusini na mashariki kumetawaliwa na miombo, misitu ya miti ya wastani ambayo majani yake machanga huwa mekundu kabla mvua hazijaanza. Mwisho wa kiangazi mtu anaweza kudhani kwamba vilima vimeshika moto.

Wanyama wakubwa waliopo ni tembo, nyati, twiga, pundamilia, pofu, nyamera, kuro, chui na wengineo, na ndani ya maji mna viboko na mamba. Lakini wapenzi wa wanyamapori huja hapa kuwatafuta swala wawili ambao hifadhi nyingi za kaskazini hazina. Mmoja ni palahala, ambaye dume lake ni jeusi, lina tumbo jeupe na pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Mwingine ni korongo, ambaye hapaswi kuchanganywa na ndege wa jina hilo. Huyu ni swala mkubwa karibu sawa na ng'ombe, mwenye uso wa mabaka meusi na meupe na masikio marefu kama ya punda. Kwenye mafunjo huishi nzohe, mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Huyu hujificha, na mgeni wa siku moja asijilaumu akimkosa.

Si pori lililokuwa tupu

Ramani ya utalii humfanya mtu aamini kwamba eneo hili limekuwa nyumba ya wanyama tangu dunia iumbwe. Historia inasema vingine.

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda ilipita hapa. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa na kituo chao Kafuro, huko Karagwe, ambako walibadilishana vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa pembe za ndovu. Kabla ya kufika huko walilazimika kupita katika himaya ya Rusubi, ambayo wageni waliiandika "Usui", katika nchi ya Biharamulo ya leo. Mtawala wake, Suwarora, alijulikana njia nzima kwa ukali wa hongo yake, ambayo enzi hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita nchi ya mtu.

Waingereza John Hanning Speke na James Grant walionja ukali huo mwaka 1861, walipokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Pamoja na kiongozi wao mashuhuri, Sidi Mubarak Bombay, walizuiwa Usui wakihesabu vitambaa na nyaya zilizokuwa zikipungua kila siku. Walipoachiwa, walipita kando ya ziwa ambalo Speke aliliandika "Urigi", kisha Novemba mwaka huo wakapokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Jina la mfalme huyo ndilo leo limebebwa na hifadhi ya Rumanyika-Karagwe.

Nchi hiyo ilikuwa na watu, mashamba na ng'ombe. Kilichoifanya kuwa pori ni maradhi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza mifugo ya Afrika Mashariki, na maeneo haya hayakusalimika. Ng'ombe walipokwisha, nyasi na vichaka vilivyokuwa vikiliwa na kuchomwa vikakua. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Wakati wa utawala wa Waingereza, wakazi wa sehemu za Biharamulo waliokuwa wametawanyika waliondolewa vijijini mwao na kukusanywa katika makazi maalumu ili kuwaepusha na malale. Walikotoka kukabaki miti.

Kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa leo "uoto wa asili" ilikuwa viwanja vya watu miaka mia moja na ushei iliyopita. Wazee wa Kisubi na Kizinza hawahitaji mtaalamu kuwaambia hilo, kwani majina ya vilima vingi bado wanayo vinywani.

Rusumo, Aprili 1994

Upande wa Ngara kuna daraja ambalo habari zake zilisikika duniani kote ndani ya siku moja.

Maporomoko ya Rusumo yako mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kwenye Mto Kagera, muda mfupi baada ya Mto Ruvubu unaotoka Burundi kuungana na maji yanayotoka Rwanda. Urefu wake ni takriban mita 15 tu. Hayana ukubwa wa kutisha, bali mngurumo wake, rangi ya udongo ya maji yake na daraja lililo juu yake humfanya mpita njia asimame. Maji hayo yanakwenda mbali: Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, hivyo tone linaloanguka Rusumo linaweza kuishia Misri.

Hapo ndipo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Miaka 100 baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu walivuka kutoka upande wa pili.

Mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda wiki tatu kabla, na maiti zilikuwa zikielea Kagera kupita chini ya daraja hadi Ziwa Victoria. Majeshi ya RPF yalipokaribia mpaka, Wanyarwanda waliokuwa wakiyakimbia, wengi wao Wahutu, na miongoni mwao wakiwamo waliotenda mauaji hayo, walimiminika Rusumo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilikadiria kwamba watu 250,000 waliingia Ngara katika muda wa saa 24. Ilielezwa wakati huo kuwa haijawahi kushuhudiwa idadi kubwa kiasi hicho ikivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo.

Ili kuelewa uzito wa takwimu hiyo, ikumbukwe kwamba katika sensa ya mwaka 1988 wakazi wote wa Wilaya ya Ngara hawakufikia 200,000. Kwa usiku mmoja wageni wakawa wengi kuliko wenyeji.

Walielekezwa Benaco, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyoweka kambi hapo ilipokuwa ikijenga barabara. Jina limebaki, ndipo malori husimama hadi leo. Ndani ya wiki chache Benaco ilikuwa mji wa turubai na moshi, wenye masoko, vinyozi na mabucha, na ikasemwa kwamba katika Tanzania ni Dar es Salaam pekee iliyouzidi kwa watu. Kambi nyingine zikafunguliwa Lumasi, Musuhura na kwingineko, huku Warundi waliokuwa wakikimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, wakiwekwa Lukole.

Wenyeji, ambao ni Wahangaza na Washubi, hawakuhitaji mkalimani. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na Kinyarwanda, na koo nyingi zina ndugu pande zote za mto. Walitoa ndizi, maharage na pa kulala. Kisha wakaanza kuona vilima vyao vikinyolewa.

Mchicha wa usiku

Kila familia kambini ilipewa mahindi na maharage. Maharage makavu huhitaji saa nyingi motoni, na moto huhitaji kuni. Makadirio yaliyochapishwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira yanaonyesha kwamba wakimbizi wa Kagera, waliozidi 600,000 wakati fulani, walikuwa wakitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Kilomita za mraba 570 za misitu ziliguswa, na kati ya hizo 167 ziliharibiwa vibaya. Eneo hilo la pili peke yake ni takriban sehemu moja ya sita ya kisiwa cha Pemba.

Wanyama walipata pigo lao kwa njia ya kimya zaidi. Mgao haukuwa na nyama. Watu waliokuwa wamezoea kula nyama, wasioruhusiwa kufuga wala kwenda mbali kutafuta kazi, walikuwa kando ya mapori yenye nyati, palahala na swala. Wawindaji haramu, wakimbizi na wenyeji pia, wakaingia porini na nyaya na bunduki, ambazo baada ya vita za jirani hazikuwa adimu.

Shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori duniani, lilitoa ripoti mwaka 2008 kuhusu jambo hilo. Ilieleza kwamba katikati ya miaka ya 1990 takriban tani 7.5 za nyamapori zilikuwa zikiliwa kila wiki katika kambi mbili kubwa. Biashara ilifanyika gizani na nyama ikapikwa baada ya watu kulala, ndiyo maana ikaitwa "mchicha wa usiku". Mtu akiulizwa jirani anapika nini, jibu lilikuwa mchicha.

Watafiti hao hawakuishia kuwalaumu wakimbizi. Waliyauliza mashirika ya misaada swali gumu: kwa nini kambi iliyojengwa kando ya pori haikupewa nyama halali, ilhali ilijulikana wazi ni wapi nyama nyingine ingetoka? Lilikuwa swali la haki. Waliopanga mgao walikuwa wakihesabu uzito wa chakula, na mzigo wa hesabu hiyo ukawaangukia nyati wa Burigi.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania, kwa kauli ya pamoja na UNHCR, iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao ifikapo Desemba 31. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakazuiwa na jeshi na kugeuzwa. Zaidi ya watu 450,000 walivuka tena daraja lile la Rusumo wakiwa na magodoro na masufuria vichwani. Kambi ya Lukole ya Warundi iliendelea hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Bunduki hazikurudi zote. Ujambazi uliowafanya abiria wa Kasindaga wasali kimya ndani ya basi ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, masalia ya miaka hiyo.

Ng'ombe baada ya watu

Wakimbizi walipoondoka, walioingia porini ni ng'ombe. Makundi makubwa, mengine ya wafugaji wa ndani na mengine yakidaiwa kutoka nchi jirani, yalilishwa Burigi na Kimisi kwa miaka. Julai 2013, akiwa ziarani Kagera, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili kuondoka. Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ikilenga wahamiaji, silaha na mifugo ndani ya mapori. Maelfu waliondoka, wakiwamo watu walioishi Ngara na Karagwe kwa miongo kadhaa na kuzaa watoto huko, jambo lililozua malalamiko ambayo baadhi ya familia hazijayasahau.

Ng'ambo ya Mto Kagera kuna kioo cha kujitazamia. Hifadhi ya Akagera ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilipitia mkasa uleule kwa sura nyingine. Baada ya 1994 waliorejea kutoka uhamishoni waliingia humo na mifugo yao, na mwaka 1997 serikali ya Rwanda ikamega zaidi ya nusu ya hifadhi kuwapa ardhi. Simba wakauawa hadi wakatoweka. Kisha mambo yakageuka: mwaka 2010 usimamizi ukawekwa chini ya ubia na shirika la African Parks, mwaka 2015 wakaletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 faru weusi 18.

Wapo Watanzania wachache wanaojua kwamba faru weusi wa kwanza kupelekwa Akagera, katika miaka ya 1950, walitoka Karagwe. Upande huu wa mto ulikuwa na faru wa kugawa.

Kwa upande wa Burigi-Chato, mwishoni mwa mwaka 2019 Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) ilitangaza mpango wa kuwahamishia huko simba 36 kutoka Serengeti, ambako walikuwa wakivamia vijiji na kula mifugo. Wazo lilipokewa kwa shangwe na watu wa utalii. Kwa mfugaji wa kijiji kilichopakana na hifadhi, habari kwamba analetewa simba aliyeshindikana kwingine haikuwa ya kufurahisha hata kidogo.

Hapo ndipo ilipo kesi halisi ya hifadhi hii. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 323,486 Biharamulo na 320,056 Ngara, na idadi imeendelea kupanda. Ni wakulima wa migomba, mihogo, mahindi na kahawa, na mashamba yao yanafika hadi kwenye mpaka wa hifadhi. Tembo hajui bikoni. Anapoingia shambani usiku mmoja, msimu wa familia nzima umekwisha.

Sheria inatambua hasara hiyo kwa maneno mawili yenye huzuni yake: "kifuta jasho" kwa mazao na mifugo, na "kifuta machozi" kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha Sh1 milioni kwa kifo. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba malipo hayo si fidia, na kwa kiwango hicho hakuna ambaye angeyachukulia kuwa fidia.

Faida nazo zipo. Hifadhi huajiri askari na vibarua, na TANAPA ina mpango wa ujirani mwema unaosaidia madarasa, zahanati na visima katika vijiji vinavyopakana na hifadhi zake. Ufugaji wa nyuki, kazi ya zamani katika miombo ya Biharamulo, umekuwa ukihimizwa nje ya mipaka. Hata hivyo, Burigi-Chato haina bado hoteli nyingi wala msururu wa magari ya watalii kama Arusha, na mapato ya utalii ndiyo yanayotarajiwa kumshawishi mwanakijiji kwamba pori lina thamani kuliko kuni zake.

Mengine ya kuona

Biharamulo mjini kuna boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, juu ya kilima, kuta nene na minara ikiwa bado imesimama. Ngara yenyewe iko juu, na asubuhi zake za Juni na Julai humlazimisha mtu wa pwani kutafuta sweta.

Rusumo ya leo ina sura mpya. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani, vilizinduliwa Aprili 6, 2016 na Rais Magufuli na Rais Paul Kagame. Karibu na maporomoko kuna mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ambazo hugawana umeme huo sawa kwa sawa. Sehemu ya maji yaliyokuwa yakianguka huingizwa sasa kwenye mitambo, na njia ya umeme ya kilovoti 220 imevutwa hadi Nyakanazi, katika wilaya ambayo kwa miaka mingi ilitegemea jenereta za dizeli.

Kwa mwenye siku za ziada, Kisiwa cha Rubondo kiko jirani ndani ya Ziwa Victoria. Hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na huko kuna kizazi cha sokwe kumi na kadhaa walioachiwa kati ya 1966 na 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya, chini ya mradi wa Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani. Sokwe waliotoka kwenye vizimba walijifunza upya kulala mitini.

Namna ya kufika

Kutoka Mwanza safari imekuwa fupi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la Kigongo-Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililopewa jina la J.P. Magufuli. Foleni ya kivuko imebaki hadithi. Barabara ya lami hupitia Geita na Chato hadi Biharamulo. Chato kuna uwanja wa ndege. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara hupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama hadi Nyakanazi na Lusahunga, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na ni vyema ailale njiani.

Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu, nyasi huwa fupi na wanyama husogea ziwani na mabondeni. Mvua huanza Septemba, na tena kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Wakati huo gari lisilo na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne lisiingizwe kwenye njia za ndani. Mbung'o bado wapo. Nguo za bluu na nyeusi huwavutia, hivyo ni bora kuvaa kaki au rangi nyingine iliyofifia na kufunga madirisha gari linapopita kwenye miombo.

Anayekwenda upande wa Ngara atapita Benaco. Eneo lililokuwa kambi limeota miti tena, mingine iliyopandwa na mingine iliyochipua yenyewe, na kando ya barabara kina mama huuza ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka.